Mpambe Mtarajiwa wa Jumba la Harrowmere

Jumatatu, 3 Oktoba 1910

Siku kuu! Mamzeli anaolewa. Yule Mfaransa wa kununa, mpambe wa Bibi Mkubwa, amepata mgane muuza mvinyo na anaondoka kesho. Nani sasa atamvisha Bibi Mkubwa, kumchana nywele, kufuatana naye London na Paris? Nani atarithi magauni yake akiyachoka? Jibu liko mbele ya kioo, linajitazama.

Bi Garside, msimamizi wa nyumba, alituita mimi na mtumishi mwenzangu Winifred Askew chumbani kwake baada ya chai. Akasema Bibi Mkubwa hataki tena mgeni kutoka kwa wakala wa kazi. Anataka mmoja wetu. Tutapimwa wiki hii, maana wageni wa kuwinda wanaingia Alhamisi na karamu kubwa ni Jumamosi. Atakayeshinda ni mpambe, na chumba chake mwenyewe chenye meko. Atakayeshindwa atahamia nyumba ya dobi kwa Bi Crake, kwa sababu huku juu watumishi wanapunguzwa.

Nyumba ya dobi! Bi Crake mikono yake ni myekundu kama kamba aliyechemshwa, na anatema mate akiongea. Nilimwonea Winifred huruma papo hapo.

Bi Garside akauliza nani ana ujuzi gani. Winifred akasema anajua kushona kidogo. Kidogo! Mtu anajiuza kwa sauti ya panya. Mimi nikasema najua kutengeneza nywele kwa mtindo wowote, na Kifaransa nakiongea kama maji. Bi Garside akainua nyusi. Nadhani ni kwa kustaajabu.

Jumanne, 4 Oktoba

Mamzeli kaondoka. Kaacha kile chuma cha kupindia nywele. Nimekiazima kabla hakijapewa mtu mwingine.

Nywele nilikuwa sijawahi kutengeneza, ila nimetazama sana. Nilimshawishi Elsie, muosha vyombo, akae karibu na jiko nimtie mawimbi. Aliuliza kama nina hakika. Nikamwambia tulia, shoga, utatoka hapa kama binti wa mfalme.

Kidogo tu nilizidisha moto. Harufu ikasambaa. Bi Mapp mpishi akapiga kelele kwamba bata bukini wake anaungua, akamtoa tanurini mbichi, akamwangusha, na chakula cha mchana huko juu kikachelewa. Bwana Pomfret, mkuu wa watumishi, akashuka mwenyewe kuuliza kulikoni. Nikamwambia kwa utulivu kwamba ni Winifred, kaunguza shuka kwa pasi.

Angeamini. Tatizo Elsie alikuwa amesimama nyuma yangu, chuma bado kinaning'inia kichwani, kimenasa.

Elsie sasa anavaa kofia mpaka masikioni. Hata hivyo, upande wa kushoto ulitoka vizuri. Mkono wa kazi ninao.

Alhamisi, 6 Oktoba

Wageni wamefika na mabunduki na mbwa wao. Pia kaja Bibi Mkongwe, mama mzazi wa Bwana Mkubwa, anayeishi peke yake kule pwani ya Scarborough. Mjane. Kavaa nyeusi tii toka kofia hadi kiatu. Wanasema hajacheka tangu mumewe azikwe. Mkwewe, yaani Bibi Mkubwa, anamwogopa kama radi.

Mgeni mwingine ni Madam Courtenvaux, mke wa balozi, Mfaransa asiyejua hata neno moja la kwetu. Bi Garside akanigeukia mbele ya wote. Akasema, "Haya, Tibbet. Kifaransa chako kama maji. Nenda kamhudumie."

Nilipanda ngazi kifua mbele. Siri ya lugha ni kujiamini. Kutoka kwa Mamzeli nilishika neno moja barabara, nalo ni "wii", yaani ndiyo. Ukikubali kila kitu, nani atagombana nawe? Madam akasema jambo refu. Nikasema wii, madam. Akasema jambo jingine, huku akionyesha sanduku lake kubwa na kupiga makofi. Wii, madam! Akanibusu shavuni. Nilishuka nikijua kazi nimeshaipata.

Saa ya chakula Madam akatokea juu ya ngazi kavaa kama mchunga kondoo. Gauni la maua, kofia ya majani makavu, fimbo yenye utepe. Mwanakondoo wa pamba kwapani. Chini wanaume wote wamevaa koti jeusi na tai nyeupe. Kumbe aliniuliza kama leo ni usiku wa mavazi ya kuigiza!

Uso wake ulivyobadilika, sikuupenda. Alishika yule mwanakondoo kama mtoto anayetaka kulia.

Ndipo Winifred, aliyekuwa kashika mashali mlangoni, akamnong'oneza Bibi Mkubwa kitu. Wakatoweka. Kufumba na kufumbua sanduku la mavazi ya michezo ya Krismasi likawa ukumbini, Bwana Mkubwa kavaa kilemba, mabibi wana mabawa, na jenerali mmoja ana masikio ya punda. Madam akacheka mpaka machozi. Wanasema haijapata kuwa jioni kama ile.

Winifred akasifiwa. Lakini tuwe wakweli, bila mimi jioni yenyewe ingetoka wapi?

Ijumaa, 7 Oktoba

Wakati wa mbinu, maana leo Winifred ndiye wa kumwamsha Bibi Mkubwa. Nilimwambia Winifred, kwa upole wa dada, kwamba siri ya Bibi Mkubwa ni kuamshwa kwa kishindo. Fungua mapazia kwa nguvu, madirisha wazi, imba. Winifred akanishukuru. Yule msichana anaamini chochote.

Nikajibanza koridoni nisikie akifukuzwa. Nikasikia mapazia. Nikasikia dirisha. Kisha wimbo wa kwao vijijini, wa kuvuna mashayiri, laini kama blanketi. Nikangoja mayowe. Halafu sauti ya Bibi Mkubwa, ya usingizi: "Askew, imba tena. Yaya wangu alikuwa akiniamsha hivyo hivyo."

Ana bahati tu. Bahati si ujuzi. Kesho karamu, na gauni la kijani la hariri liko mikononi mwangu. Bi Garside kaamua Winifred atatengeneza nywele, mimi nitavisha. Hataki nikaribie nywele, sijui kwa nini.

Jumamosi, 8 Oktoba

Naandika nikiwa nimesimama. Magoti hayataki kukunjwa.

Lile gauni lina mkia mrefu wa kuburuta. Nilimvisha Bibi Mkubwa vizuri kabisa, hakuna wa kubisha. Akajitazama, akatabasamu. Nami nikaanza kujiona Paris. Hapo nikaona pindo la mkia limefumuka nyuma, na kengele ya chakula iko karibu kulia. Winifred akasema, "Dorcas, ngoja nikusaidie, mimi nimezoea hariri." Nikamwambia, "Shika chanuo lako, mwenzangu, kila mtu na kazi yake."

Nikapiga magoti. Nikashona. Haraka, imara, uzi maradufu. Kengele ikalia. Bibi Mkubwa akaondoka kama malkia.

Nami nikaondoka naye.

Nilikuwa nimeshona mkia wa gauni pamoja na aproni yangu. Mwanzo nilidhani nimekanyaga kitu. Nikatambaa nyuma yake koridoni kwa magoti na mikono, nikinong'ona, "Bibi Mkubwa, samahani, taratibu kidogo." Yeye anasikia uzito tu, anafikiri ni hariri, anazidi kuvuta. Yule mama ana nguvu! Tukafika ngazini. Wageni wote wako chini, nyuso zimeinuliwa.

Ngazi ya kwanza niliishuka kwa heshima. Zilizobaki nilizishuka kwa tumbo.

Nilipotua juu ya zulia, Bibi Mkubwa akageuka. Nilipiga saluti ya kuinama nikiwa nimeshalala. Vicheko vilipasuka mpaka taa za vioo zikalia. Bwana Pomfret akatazama dari. Bibi Mkubwa akawa mwekundu, kisha mweupe. "Ni nini hiki?" aliuliza. Nikajibu, "Ni Tibbet, Bibi Mkubwa."

Hakuna aliyesogea. Wote wanacheka tu, na mimi nimefungwa pale kama mbuzi sokoni. Kisha Winifred akashuka mbio na mkasi, akapiga magoti kando yangu, akafumua uzi mmoja mmoja ili hariri isichanike. Hakucheka. Aliniambia chinichini, "Usiinue uso, Dorcas. Nitazame mimi. Tumekaribia."

Baadaye nilikaa ndani ya kabati la mashuka. Macho yalitoka maji. Kule ndani kuna vumbi jingi.

Jumapili, 9 Oktoba

Hukumu baada ya kanisa. Winifred ndiye mpambe. Kuhusu mimi, Bi Garside akasema hata nyumba ya dobi ni kunipendelea, bora nirudi kwa shangazi. Shangazi anafuga bata bukini, na hanipendi hata nusu ya anavyowapenda wao. 

Winifred akaingilia kati. Akasema gauni lilikuwa la wote wawili, alikuwa chumbani na hakuangalia, kwa hiyo kama kosa lina adhabu basi waigawe. Bi Garside akamwambia asiwe mjinga, anaitia nafasi yake moto. Winifred akasimama pale pale, mweupe kama chokaa, hakurudi nyuma.

Naelewa hesabu zake. Ananiogopa. Anajua nikiwa nje ya jumba hili sitazuilika.

Mlango ukafunguliwa bila hodi. Bibi Mkongwe! Na fimbo yake. Akauliza yuko wapi yule aliyeshuka ngazi. Nikainua mkono. Akanitazama, midomo ikaanza kumcheza, akalazimika kushika kiti. Kisha akasema, "Huyu namchukua mimi. Kule kwangu ni makaburi matupu. Wote wananyata kama paka." Bi Garside akajaribu kumwambia habari za nywele, za mchunga kondoo, za hariri. Kila moja alipoisikia, Bibi Mkongwe alijifuta macho. "Anafaa," akasema. "Afungashe."

Ndiyo maana nasema kipaji hakijifichi. Yule mama ameona ushonaji wangu. Uzi ulibeba mtu mzima toka chumbani hadi ukumbini bila kukatika!

Winifred alinisindikiza hadi kwenye gari la farasi, akanipa shali yake ya sufi, kwamba pwani kuna baridi. Nilimwahidi nitamwombea nafasi kwangu mambo yake yakiharibika. Akanikumbatia. Alicheka kidogo begani mwangu, nadhani kwa uchungu.

Jumamosi, 15 Oktoba

Scarborough. Naheshimika. Nina chumba chenye dirisha la kutazama bahari. Watumishi wa hapa ni wazee, wapole, hawana makuu. Ndani ya mwezi nitakuwa nasimamia nyumba nzima, na ndani ya mwaka sidhani kama Bibi Mkongwe atakumbuka aliishije bila mimi.

Leo wakati wa chai kaniambia amenunua gari la motokaa. Jekundu, lina taa za shaba, liko kwenye banda la farasi, nao farasi wanalinusanusa. Dereva kapatwa na homa ya mapafu, na yeye kesho alitaka kwenda kanisani nalo majirani waone. Akasema inasikitisha, hakuna mwingine anayejua kuendesha.

Nikamwambia Bibi, hilo tu? Mimi nimekua nayo. Baba yangu alikuwa nayo mawili.

Akanitazama. Midomo ikamcheza. "Basi nivae kofia ya kufunga kidevuni," akasema.

Nimeshuka bandani kulitazama. Halina ugumu wowote. Kuna gurudumu la kushika, kuna honi, na vishikizo fulani vya kuvuta na kukanyaga, ambavyo nadhani ni vya urembo. Kanisa liko chini ya kilima kirefu, kwa hiyo kwenda kwenyewe kutakuwa rahisi kabisa.