Bomba la Moshi Lililokwenda Kuposa

Jumatatu, 3 Mei 1971
Bomba la moshi la gari langu limekatika mbele ya ofisi, meneja akishuka ngazi. Nikajifanya nangoja basi. Nashon, karani mwenzangu mwenye pikipiki mpya na moyo mbaya, akapaza sauti dirishani: "Amin! Gari yako imezaa!" Idara nzima ya bima ikatoka kumwona mtoto.

Gari la spoti, viti viwili, kuukuu. Nililirithi kwa mzungu aliyehama. Sina kingine cha kujivunia, na Jumamosi ami yangu Abdalla ananipelekea posa kwa Maalim Shamsudin wa Waithaka. Namtaka binti yake, Zainab. Maalim akikataa, nimekwisha.

Jumatano, 5 Mei
Kangemi, kwa fundi Lazarus. Kaniwekea mabomba mawili chini nichague. Moja lina sailensa nene, gari litanong'ona. La pili pana, limenyooka, halina sailensa, mfano wa magari ya mashindano ya Safari. Nikauliza lipi halina hatari. La kwanza, akasema, kisha akanitazama kwa huruma. "Lakini karani, hii ni ya mapadri. Kijana anaenda kuoa na sailensa kweli?"

Nimeomba muda wa kufikiri.

Alhamisi, 6 Mei
Nimepima kwa makini. Zainab nimemwona mara moja tu, harusini kwa binamu yangu. Alicheka, akaficha uso kwa leso. Babake hamruhusu kukaa barazani, kwa hiyo hawezi kuniona nikipita. Lakini masikio hayafungiwi mlango! Nimechukua lile pana.

Sikukosa tahadhari. Nimemwomba Lazarus alishindilie nyuzi za chuma, zile za kusugulia sufuria, ili lingurume kwa adabu. Alicheka mpaka akakaa chini.

Jumamosi, 8 Mei
Ole wangu.

Ami alinionya mapema. Posa hupelekwa kimya, mwanangu. Jirani asijue mpaka ijibiwe, ili ikikataliwa binti wa watu asiaibike. Nikaapa nitakuwa kimya kama kaburi. Tungekwenda kwa miguu, lakini magoti ya ami hayapandi vilima.

Tulipofika Adams Arcade, zile nyuzi zikaruka nje zikiwaka moto. Mlio uliofuata sijui niuelezeje. Muuza nyanya alikumbatia kapu lake akaita jina la Yesu. Ami alishika kofia yake kwa mikono miwili mpaka Waithaka.

Wanafunzi wa chuo cha Kurani cha Maalim waliacha juzuu zao wakatukimbilia. Ami akaingia ndani. Hapo ningezima injini, lakini betri imekufa. Nikizima, haiwaki tena bila kusukumwa. Nikaiacha ingurume chini ya dirisha la Maalim. Ndani, ami alilazimika kuposa kwa kupiga kelele. Mtaa mzima ulisikia jina langu, jina la babangu, na kwamba sivuti sigara. Jirani yao, Mama Wanjugu, akauliza kutoka uani harusi ni lini. Kabla Maalim hajafungua kinywa, wanawake walikwisha kupiga vigelegele.

Nataka kufa.

Jumapili, 9 Mei
Ami hana sauti. Amenieleza kwa kunong'ona, na mnong'ono wake ni mkali kuliko kofi. Maalim anasema nimemfunga kamba: akikubali, ameozeshewa binti na mtaa, akikataa, amemfedhehesha mwanawe mbele ya mtaa huohuo. Basi yeye hakusikia posa yoyote jana. Ami aje tena Ijumaa, kimya, kana kwamba ndiyo mara ya kwanza. Gari likisikika tena, Zainab anakwenda kwa shangazi yake Lamu, na ataolewa hukohuko.

Nilimuuliza ami kama Zainab alisema chochote. Kulikuwa na sauti nyuma ya pazia, akasema. Kicheko au kilio, hakuweza kutambua kwa ile kelele.

Jumanne, 11 Mei
Nimekimbilia Kangemi kuchukua lile bomba la kwanza. Limekwisha kuuzwa. Kwa padri!

Ami amependekeza teksi. Nimekataa kwa heshima. Maalim atamwonaje mtu mwenye gari anayemleta mjumbe kwa teksi? Atadhani gari ni la kuazima. Nashon amejitolea kumbeba ami kwa pikipiki. Afadhali nibaki mseja.

Nimepata dawa. Barabara ya kuingia kwa Maalim inateremka. Ijumaa nitazima injini kule juu na kuliachia gari lishuke lenyewe, kimya kama paka, mpaka mlangoni. Lazarus ameniuliza habari za breki. Ni mbovu kidogo. Lakini breki mbovu haina sauti, na Maalim hakusema lolote kuhusu breki.