Hodi Tatu za Haji Majaliwa

Bagamoyo,
24 Februari 1971

Ndugu Mkuu wa Polisi, Uwanja wa Ndege,

Salamu kwako na kwa askari wako wote, hata yule mwenye pingu. Mimi ni Mwanamvua binti Mwinjuma, mke wa Majaliwa, yule mzee wa kanzu mliyemkamata Jumapili kwa kosa la kusema na mizani. Kuandika nimejifunza mwaka jana tu, kwenye kisomo cha watu wazima, na barua yangu ya kwanza niliiweka kwa ajili ya dada yangu wa Pangani. Umebahatika wewe.

Kwanza mjue mtu wangu. Majaliwa hapiti mlango bila hodi. Hata hapa kwake hubisha, kwa kuwa nyumba ina wanawake, na akipiga tatu asijibiwe hugeuka akaenda zake msikitini. Basi alikwenda Makka na mahujaji wa Unguja, tiketi yake ikaandikwa Unguja kama zao. Aliposhuka hapo kwenu, saa chache tu kwa basi kutoka kitandani kwake, akaambiwa yeye ni abiria wa kupita, haruhusiwi kutoka. Angoje ndege ya Unguja, apitie mlango wa pili. Akaenda mlango wa pili, akapiga hodi tatu. Mlango ulikuwa wazi, wenziwe wakapita, yeye hakusikia karibu, akarudi kukaa. Ndege ikaondoka. Siku ya pili vilevile. Siku ya tatu, hajalala, taa zinamwakia usiku na mchana, akarukwa na akili: akaanza kuiamkia mizani ya mizigo, shikamoo, shikamoo, huku analia kwa kuwa haiitikii. Haya nimeelezwa na Abdala wa Fukayosi, mchukuzi wa mizigo hapo.

Manung'uniko yangu ni haya:

1. Askari sita waliingia bila hodi wala salamu. Mtu ana njaa ya karibu siku tatu, nyinyi mnampelekea rungu! Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Kwenu mgeni njoo, upate wazimu.

2. Walimwuliza kama ana kichaa kabla ya kumwuliza jina. Huku kwetu hata pepo akimpanda mtu huulizwa kwanza: u nani, watoka wapi, wataka nini? Naye hutaja, marashi au kahawa au kitambaa chekundu, hupewa, akatulia. Hakuna pepo wa Bagamoyo aliyewahi kutiwa pingu.

3. Daktari wenu alimpima akili kwa kumwuliza leo siku gani. Mnamweka mtu pasipo jua wala adhana, kisha mnamwuliza siku! Abdala anasema daktari mwenyewe alichungulia kalenda kwanza.

4. Kwa hiyo naomba kila kituo cha polisi kipewe chetezo na udi. Shangazi yangu Bi Chausiku, aliyetuliza mapepo arubaini, apewe cheo cha Inspekta. Mlango wa pili awekwe mtu wa kuitikia karibu tangu alfajiri. Na ndege zenu zikipita juu ya mapaa yetu nazo zipige hodi, maana tuko uani vichwa wazi.

5. Hili si mzaha. Keshokutwa Ijumaa binti yetu Ashura anaolewa, naye ameapa hakuna nikaha bila baba yake. Bwana harusi keshatoka Kiwangwa na mananasi yake. Watu wote nimewafukuzia kwa jirani yangu Sihaba wakapepete mchele, ili niandike kwa utulivu. Nami nimemkosa mume wangu. Tangu aondoke hakuna anayebisha hodi kama yeye, na kimya hiki kinaniumiza. Mleteni. Ila askari watakaomleta wafundishwe adabu: wasimame nje, wavue kofia, wapige hodi.

Nisalimie mkeo, wanao, daktari na kalenda yake, na mizani.

Wako niliyeudhika kwa heshima zote,
Mwanamvua binti Mwinjuma

Nyongeza: Sihaba kaingia sasa hivi anahema. Anasema askari wawili wamekuja na Majaliwa, mzima, anacheka. Wakasimama barazani, wakavua kofia, wakapiga hodi tatu. Nilizisikia. Nilikuwa hapo kwenye namba tano, naandika jinsi askari wanavyopaswa kupiga hodi, nikadhani ni mtu wa kuazima ungo, nikanyamaza. Askari walitaka kuingia, Majaliwa akawazuia: tatu zimetimia, hakuna ya nne. Wamempakia garini, wamerudi naye; Sihaba kawakimbilia kutoka kwake, asiwapate. Tafadhali, Ndugu Mkuu, mleteni tena kesho. Safari hii msipige hodi. Vunjeni mlango.