Siku Nilipompakia Mkwe kwenye Gari la Chanjo

Mimi sishangazwi na kitu. Nimeishia darasa la nne, nimeuza mayai ya kuchemsha, nimebeba saruji za watu mgongoni, na leo nauza saruji na rangi zangu mwenyewe pale Igoma na watu wenye digrii wananiamkia. Nimezama na mtumbwi, nimeibiwa, nimewahi kuuziwa mbuzi kipofu. Nilidhani dunia imeshanionyesha yote iliyo nayo. Leo Jumamosi nimeumbuka kando ya barabara, tena aliyeniumbua ni mdomo wangu mwenyewe.

Nianze na gari. Mwezi uliopita serikali ilipiga mnada magari yake ya zamani. Nikaondoka na Landikruza moja, kuukuu kidogo lakini injini inanguruma kama fahali. (Waliokuja na mikoba na kalamu waliondoka na pikipiki. Mimi nilikuja na hela kwenye mfuko wa saruji.) Namba za serikali ziling'olewa palepale, nikafuata taratibu, nikapata namba zangu za kiraia. Ikabaki milango. Kila mlango una nembo ya taifa, picha ya fahali na maneno manene ya kijani: IDARA YA MIFUGO, GARI LA CHANJO.

Afisa wa mnada aliniambia wazi. "Mzee, hayo maandishi yafutwe kabla gari halijaingia barabarani. Ni sharti."

"Nimekuelewa, bosi."

Nilimwelewa kabisa. Ila nikaona nisubiri kidogo. Ukiwa na nembo mlangoni, walinzi wanafungua geti bila kuuliza unakwenda kwa nani. Bodaboda wanakupisha. Juzi mkusanya ushuru wa maegesho pale mjini alinipigia saluti na kuendelea na safari zake. Mtu aliyepigiwa saluti hakimbilii kufuta milango.

Sasa mkwe. Kijana wangu mkubwa anaoa, na binti ni wa Mzee Maduhu wa Shinyanga, mfugaji, mtu wa maneno machache na macho mengi. Alitaka ng'ombe ishirini. Mimi, mbele ya wazee wa pande zote mbili, nikalia hali. Nikasema saruji haiuziki, nikasema wadeni, nikasema mvua, nikasema mgongo. (Mgongo wangu ni mzima.) Mzee akanihurumia, akashuka hadi kumi na watano. Lakini kwetu maneno hayafungwi mpaka baba wa binti aje awakague ng'ombe kwa macho yake, wakiwa bado zizini. Zizi langu lipo upande wa Bujora, analisimamia mdogo wangu. Leo ndiyo ilikuwa siku ya ukaguzi.

Gari langu dogo liko gereji, kwa hiyo nikaenda kumpokea mkwe stendi ya Nyegezi na Landikruza. Nilipokwisha kuegesha ndipo akili ikanijia kwamba mtu aliyelia umaskini hatakiwi kuonekana na kitu cha namna hii. Nikawasha tena niondoke. Nimechelewa. Mzee huyu hapa, kofia kichwani, fimbo mkononi, anausoma mlango.

"Mwangaluka, mkwe."

"Mwangaluka. Hili ni gari la serikali?"

Mlango umenijibia. "La serikali, mkwe. Kuna rafiki yangu wa idara kaniazima, anisitiri leo tu."

"Ni rafiki mzuri," akasema, akapanda.

Hamjui ilivyoniuma. Mimi nikinunua hata toroli, mtaa mzima unajua kabla ya jioni. Leo nimekaa kwenye Landikruza yangu, nasifia ukarimu wa mtu asiyekuwepo duniani. Mkwe anapapasa kiti, anasema serikali ina hela. Nami naitikia, "Ina hela, mkwe," huku nauma meno.

Tukashika barabara ya Usagara. Tulipokaribia Kisesa tukawakuta askari wa barabarani na mwanamke mmoja aliyevaa kizibao cha kung'aa, umri kama wa binti yangu wa kwanza. Askari alipoona nembo akanipungia nipite, kama nilivyozoea. Yule mwanamke akamshusha mkono.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu."

"Tunakagua magari ya serikali. Leo ni Jumamosi. Naomba kibali cha gari kutembea siku isiyo ya kazi, na kitabu cha safari."

Kwa msiojua, gari la serikali halitoki kama mbuzi wa jirani. Nje ya siku za kazi linataka kibali cha mkubwa wa ofisi, dereva awe ni wa ofisi, na safari iwe imeandikwa inakokwenda na inakotoka. Naeleza vizuri kwa sababu nimefundishwa leo, nikiwa juani.

"Kibali kimesahaulika ofisini," nikasema.

"Ofisi gani, mzee?"

Nikachungulia mlango. "Ya mifugo."

Mkwe akaitikia kwa kichwa kuniunga mkono. Mwanamke akalizunguka gari, akarudi taratibu.

"Nembo ni ya serikali, namba ni za kiraia. Nani amebadilisha namba?"

Hilo sikulitegemea. Kumbe kuna watumishi huyavalisha magari ya ofisi namba za kiraia ili wayapeleke harusini bila kujulikana. Kwa hiyo zile namba zangu, nilizozilipia halali kabisa, ndizo zilizonifanya nionekane mwizi.

"Mwanangu, tuzungumze pembeni kidogo."

"Pembeni hapana. Zungumza hapahapa, babu huyu awe shahidi."

Babu akashusha kioo chote ili ashuhudie vizuri.

Hebu jiwekeni nilipokuwa. Nikisema gari ni langu, naachiwa, lakini mkwe anajua nilimdanganya, na hao ng'ombe aliowapunguza wanarudi. Nikishikilia kwamba ni la serikali, napelekwa kituoni. Nikapima, nikachagua kituoni. Karatasi zote zilikuwa kwenye droo ya gari. Ningefika, ningemwacha mkwe nje kwenye benchi, ningewaonyesha wakubwa karatasi kimyakimya, mambo yameisha. Mpango ulikuwa mzuri. Ulihitaji kitu kimoja tu, ninyamaze.

"Haya dereva, shuka," akasema.

Dereva. Mimi nimeajiri madereva wawili. Nikafungua mlango.

"Ndivyo mlivyo nyie madereva," akaendelea, wala hakupaza sauti. "Gari mnalitesa mwisho wa wiki kwa sababu hamkulinunua. Hata bei yake huijui."

Angemwambia hivyo mtu mwingine.

"Bei yake siijui mimi? Milioni ishirini na tatu. Nimelipa mwenyewe, taslimu, pale mnadani, wenye elimu zao wakiangalia. Fuso ninazo mbili. Nyumba za kupangisha ninazo. Nenda Igoma kaulize kama mimi ni dereva."

Nilipomaliza nilikuwa nimesimama katikati ya barabara, kidole juu. Askari aliacha kuandika. Halafu kutoka dirishani nikasikia sauti ya mkwe, ya upole kabisa.

"Hizo nyumba ni ngapi?"

Nikaenda kwenye droo, nikatoa stakabadhi ya mnada na kadi ya gari, nikamkabidhi mkaguzi. Akazisoma zote, akazirudisha kwa mikono miwili.

"Hongera, mzee. Basi hapa kuna kosa jingine. Hii nembo si yako, ulitakiwa uifute. Gari halisogei mpaka maandishi yafunikwe."

Askari akaniandikia faini. Nikavuka barabara kwenda duka la vifaa vya ujenzi. Nataka mnielewe hapo. Mimi ni muuza rangi, na nimenunua rangi rejareja kwa mshindani wangu. Alibakiwa na bluu tu, ile ya kupaka mageti. Gari langu ni jeupe.

"Mzee wa Igoma, kwako rangi imekwisha?" akaniuliza, brashi kaishikilia hataki kuiachia.

"Naangalia bei zenu," nikasema.

Nikapaka milango yote, shati jeupe la kukutana na mkwe likiwa mwilini. Waendesha bodaboda wakaegesha kutazama. Mmoja akanishauri nirudie mkono wa pili kwa sababu fahali la chanjo bado linaonekana pembe. Mkaguzi alisimama mpaka herufi ya mwisho ikazama. Mkwe alikuwa kivulini, anakunywa soda niliyomnunulia, anatazama mbali kama mtu anayepiga hesabu za kichwa. Alikuwa anazipiga kweli.

Tukaendelea na safari hadi Bujora. Alipofika aliwakagua ng'ombe kwa utulivu, meno, kwato, kiwele, mkia. Akamaliza, akafuta mikono.

"Ng'ombe ni wazuri, mkwe."

"Nashukuru, mkwe."

"Kule nyumbani ulisema saruji haiuziki."

"Haiuziki, mkwe."

"Nami nikakuonea huruma."

"Ni kweli."

"Ile huruma ilikuwa ng'ombe watano. Naomba unirudishie."

Nikamtazama mdogo wangu anitetee. Mdogo wangu alikuwa ameshaingia zizini kuwachagua, na alikuwa anachagua wanono.

Mkwe nimemrudisha Nyegezi salama. Amekula ugali na sato, amecheka, amesema sasa ana amani kwamba binti yake hataolewa kwenye njaa. Kijana amepata mke na harusi ipo palepale. Mtakaocheka chekeni, ila msije dukani kwangu kuulizia rangi ya bluu, maana leo mmeshakuja wanne. Nimejumlisha rangi, brashi, faini, soda na ng'ombe watano kwa bei ya sasa ya mnada wa mifugo. Kukataa kuitwa dereva kumenigharimu shilingi 4,545,500.