Yah: Kukamatwa kwa Pikipiki ya Mradi na Mtani Wangu wa Masanze

Octavian Mihayo,
Afisa Uhamasishaji Jamii,
Magomeni, Kilosa.

Kwa Mkurugenzi,
Mradi wa Utafiti wa Matumbo ya Watoto,
Mikumi.

Mheshimiwa Mkurugenzi, Dk. Melkizedek,

Shikamoo. Natumaini wewe na familia hamjambo, na kwamba wageni wa juzi walifanikiwa kuwaona tembo. Mimi sijambo kidogo tu, na barua hii naiandika nikiwa peku.

Kama kichwa cha barua kinavyojieleza, namlalamikia Bibi Siwema wa Masanze, ambaye amezishikilia mali za mradi kwa kisingizio cha utani. Wewe ni mtu wa maabara na mambo ya utani hayaonekani kwa darubini, kwa hiyo niruhusu nianze mwanzo.

Utakumbuka uliniajiri kwa sababu moja tu. Vyeti vyangu havikukuvutia, ulisema hivyo mbele yangu. Lakini mimi ni Mnyamwezi, Wasagara wa huku ni watani zetu, na mtani ndiye mtu pekee anayeweza kuingia msibani akasema lisilosemeka na asitimuliwe. Kazi yetu inataka hivyo hasa: kumwomba mama aliyefiwa na mtoto kwa utapiamlo, mwili bado haujaoshwa, amruhusu daktari achome sindano nyembamba tumboni mwa marehemu na kutoa kijinyama cha utumbo, kidogo kuliko punje ya mtama, ili ijulikane kwa nini watoto wengine wanakula lakini hawanenepi. Mtu mwingine angeikimbia kazi hiyo. Mimi nilinunua viatu vipya.

Wakati wa masika alifariki hospitalini mtoto Doto, pacha wa Kulwa. Nilimkuta mama yao amekaa kwenye nyasi nje pamoja na Bibi Siwema, mama yake mzazi, wakisubiri gari la kumrudisha marehemu Masanze. Nikafanya ulichoniajiria. Nikawaambia kwamba Kulwa na Doto ni majina ya kwetu Unyamwezini, kwa hiyo watoto hawa ni wetu, Wasagara mmetuibia, na mimi baba yao nimekuja kudai changu. Ndugu waliokuwa nao wakacheka huku wanalia. Mama mtu akainua uso kwa mara ya kwanza. Ndipo nikaeleza habari ya sindano, sawasawa kama mlivyonifundisha, na mwishoni nikaongeza la kwangu: majibu yatakuja, nitayaleta mwenyewe. Mama akakubali. Bibi Siwema akanitazama sana, akasema haya baba mtu, tumekusikia. Mimi nikadhani ananisifu.

Malalamiko yangu ni haya:

1. Siku ya arobaini nilikwenda kutoa pole. Nikamwamkia bibi shikamoo, akaitikia marahaba kwa heshima zote, na kabla sijakaa kofia yangu ya pikipiki ilikuwa mikononi mwake. Mtani akikamata kitu hukasiriki, unakikomboa. Nikatia mkono mfukoni. Akasema safari hii fedha hazipokelewi, kofia itakombolewa kwa majibu ya Doto. Nashukuru kwamba mradi ulininunulia nyingine wiki ileile.

2. Tangu siku hiyo Masanze nzima wananiita Baba Kulwa. Wauza nyanya wananiita hivyo, hata imamu. Habari zimefika Magomeni, na mke wangu Monica amesikia kwamba nina pacha huko mashambani. Nilimweleza kuwa ni utani tu. Akaniuliza huo utani una meno mangapi. Sasa najipakulia mwenyewe.

3. Bibi huyu anauliza maswali nje ya ratiba. Ratiba yetu inasema majibu yatatolewa baada ya kuchapishwa, na kuchapisha ni suala la miaka. Yeye anayataka sasa, eti kwa sababu Kulwa yuko hai sasa. Ni kweli Kulwa anakula ugali uleule aliokula mwenzake, anakunywa maji ya kisima kilekile, anatambaa uani na kuku walewale. Anakula vizuri tu, tena anadai aongezewe, lakini kwenye kadi ya kliniki mstari wake umelala. Nimemweleza bibi kwa upole kwamba utafiti ni kwa faida ya watoto wa baadaye. Akaniuliza, na huyu wa leo tumweke wapi? Mheshimiwa, swali hilo halikuwamo kwenye mafunzo.

4. Hapa nakulalamikia wewe, kwa unyenyekevu, kwa kunialika kwenye mkutano wa Mikumi. Nilibeba viti, kisha nikakaa nyuma. Profesa mgeni akatuonyesha ukutani picha ya utumbo, ya waridi, kubwa kama mlango. Akasema ndani ya utumbo wa mtoto mzima kuna vinyweleo vimesimama kama zulia jipya, navyo ndivyo vinavyofyonza chakula. Kwa watoto wetu zulia limechakaa, chakula kinapita kama mgeni asiyekaribishwa. Akasema huenda ni vijidudu wanavyomeza uani na majini tangu wakiwa wadogo, kwa hiyo kumwongezea mtoto uji peke yake hakutoshi. Akauliza kama kuna swali. Mgeni mmoja akauliza gari la kwenda mbugani linaondoka saa ngapi. Mimi nikapiga makofi mpaka viganja vikawaka moto, kisha nikala pilau, nikarudia. Tangu mradi huu uanze, Mheshimiwa, utumbo pekee ulioonyesha maendeleo ni wangu.

Kesho yake Bibi Siwema akaniuliza kama huko Mikumi nimesikia lolote. Nikajibu kitaalamu kwamba matokeo bado ni siri. Hakunigombeza. Alisema tu, vua viatu.

5. Ijumaa iliyopita alikamata pikipiki. Iko uani kwake, imefunikwa kanga, kuku wanaatamia chini yake. Masharti ya kuikomboa ni kwamba daktari wa mradi afike Masanze, akae kwenye mkeka, aseme kwa Kiswahili kilichoonekana tumboni mwa Doto, kisha amwangalie Kulwa.

Kwa hiyo naomba yafuatayo. Kwanza, mradi uandike barua rasmi ya kuufuta utani wa Wanyamwezi na Wasagara katika wilaya yote ya Kilosa hadi matokeo yatakapochapishwa. Ikishindikana, utafiti usichukue tena vipande vya watoto wenye pacha, kwani anayebaki huwatia wazazi haraka. Na kwa kuwa karibu kila mtoto ana mdogo wake au mkubwa wake, ingekuwa salama zaidi tuchukue vya watoto wasio na ndugu, wasio na mama, na hasa wasio na bibi. Hilo nalo likishindikana, nihamishieni Msowero kwa wafugaji, ambao hawana utani nami. Wao wakinichoka wataniambia niondoke, basi, na nitaondoka na viatu vyangu.

Natanguliza shukrani. Nisalimie wote ofisini, mhasibu, mlinzi na mama wa chai. Profesa akipiga simu mwambie picha yake ilikuwa nzuri mno, bado naiona nikifumba macho.

Wako mtiifu katika ujenzi wa afya ya taifa,
Octavian Mihayo

Tanbihi: Nimeona nisifunge bahasha kabla ya kusema hili. Pikipiki haikukamatwa. Niliiendesha mwenyewe mpaka uani kwa Bibi Siwema, nikampa ufunguo, nikamwomba aikamate. Alikataa, akasema kofia na viatu vinamtosha. Nikamwambia kofia mlinunua nyingine, viatu hamkuviulizia, lakini pikipiki mtaifuata. Na yale ya Mikumi nimemwambia yote, kabla ya kuchapishwa, unifukuze ukitaka. Nilimchorea lile zulia mchangani kwa kijiti. Akasikiliza mpaka mwisho, mama Kulwa naye akasogea. Sasa maji wanachemsha na kuku wamewajengea banda, isipokuwa hao walio chini ya pikipiki. Kisha bibi akauliza, la Kulwa limesimama au limelala? Sijui, Daktari. Roho inaniuma, sijui. Jana nilimpeleka kupimwa na mstari ni uleule. Njooni ninyi mnaojua, njooni wiki hii. Na ile sindano iacheni hukohuko.

Ni mimi,
Baba Kulwa