Nusu ya Kimbunga

Wananchi wote wa mwambao, kuanzia Kagunga hadi Ujiji, mnatangaziwa kwamba kuzama ovyo sasa basi. Kamati ya Kupima Ukubwa wa Vimbunga imeanza kazi, na mimi Eliakimu, niliyeishia darasa la nne, ni mjumbe wake.

Kazi yetu ni ya kisayansi. Mwongozo ulitungwa huko pwani kwa ajili ya vimbunga vya bahari, na unasema wazi: boti ya uokoaji haiondoki mpaka kimbunga kipimwe upana, ukingo hadi ukingo, kionekane kimefikia kiwango. Sasa katikati ya ziwa letu pana mpaka, ng'ambo ni Kongo, na Kamati haina mamlaka ya kupima upepo wa nchi ya watu. Kwa hiyo tunapima nusu yetu. Nusu haijawahi kufikia kiwango. Ndiyo maana Kigoma haijapata kimbunga hata kimoja. Wanaozama wanazama kwa sababu zao binafsi.

Mke wangu Elida alizama kwa sababu zake binafsi. Alikuwa anatoka Kagunga na magunia ya dagaa, mtumbwi ukapinduka tunauona, sisi tuliosimama Kibirizi. Nilimshika miguu Mwenyekiti wetu, Bwana Gaudensi, afungue boti. Akainua kipimo chake, akatazama, akashusha.

"Pole sana, mzee wangu. Ila huo ni upepo."

Baada ya msiba nikapewa kiti cha mwathirika kwenye Kamati, pamoja na ufunguo wa mnyororo wa boti, kwa hoja kwamba mtu asiyesoma hawezi kuuchezea mwongozo. Kila kikao naomba jambo moja: upepo ule uitwe kimbunga. Kila kikao naambiwa nikae.

Jumamosi ilikuwa sherehe ya uzinduzi rasmi wa Kamati. Mwenyekiti akapanda mtumbwi wa kukodi akaukague mpaka. Mwenye mtumbwi, Heritier, alisita.

"Bosi, mawingu ile ya Kongo iko mubaya."

"Ya Kongo hayatuhusu."

Yakatuhusu. Wageni ufukweni wameshika sahani za pilau, simu yangu ikaita. Nikaweka sauti ya nje.

"Mzee Eliakimu! Leta boti! Maji yanaingia!"

"Mheshimiwa, upana ukoje?"

"Upana wa nini? Tunakufa huku!"

"Nusu yetu naiona, haijafika kiwango. Pole sana. Ila huo ni upepo."

"Muulize sababu zake binafsi!" alidakia Recho, mpishi wetu, mwiko mkononi.

"Hesabu na ya Kongo! Mpaka nimeufuta! Hiki ni kimbunga!"

"Kuanzia lini?"

"Tangu zamani! Hata ule wa mke wako! Ningetoa boti, mzee wangu, ningetoa!"

Sahani zikatulia. Nikafungua kufuli.

Walirudi wazima, wameloa chapachapa. Mwenyekiti, kajifunga kitenge cha Recho, akaitisha kikao palepale mchangani. Akataka kauli yake ya kwenye simu ifutwe: aliitoa akiwa amevuka mpaka, upande wa Kongo, ambako Kamati haina mamlaka.

Niliunga mkono hoja. Nikaongeza kwamba, kama ni hivyo, boti ya Kamati nayo haikuwa na mamlaka ya kumtoa huko, hivyo arudishwe alikotolewa kabla giza halijaingia. Wajumbe wakapiga makofi. Heritier akashika kasia.

Mwenyekiti akalitazama ziwa. Bado lilikuwa linachemka.

"Mzee wangu," akasema, huku akiomba kalamu, "Elida binti nani?"