Viti Vipya vya Gari la Mjomba

Jumatatu, 3 Machi

Mvua. Karakana inavuja palepale inapovuja kila mwaka, juu ya meza ya kukatia. Wateja hakuna. Siku hizi watu wananunua makochi ya dukani, yakivunjika wanayatupa. Mimi, fundi wa makochi, mikono ya dhahabu, nimeshinda nikishona mito ambayo hakuna aliyeiagiza. Gundu!

Habari kubwa: mjomba anaacha kuendesha. Macho yamekwisha. Jumatano analazwa apasuliwe jicho moja, Jumapili anarudi, na siku hiyohiyo atasema nani anachukua gari lake. Gari la spoti! La zamani, la viti viwili, kijani. Zamani likipita mtaani hata mbwa walisahau kubweka. Mjomba hana mtoto. Ana sisi wapwa zake tu, mimi na dada yangu. Kwa haki ni langu. Lakini dada ana mume, na mume huyo ndiye Suti.

Suti anafanya kazi ofisini. Hakuna anayejua anafanya nini huko, ila tai haivui hata akiwa anakula. Leo nimemkuta kwa mjomba, kachuchumaa na suti yake, anasugua magurudumu ya gari kwa mswaki. Mswaki! Mjomba hayaoni hata hayo magurudumu yenyewe. Kujikomba huku hakuna dawa. Dada akaniambia nichukue mfano kwa shemeji yangu.

Nimewaza mpaka chai ikapoa. Gari lile nikilipata nitaliegesha mbele ya karakana. Watu watauliza nani kashona viti. Nitasema mimi. Kazi zitarudi, na paa nitaziba. Ila ili niseme ni mimi, lazima kweli niwe nimevishona. Ndipo wazo likaja. Suti asugue magurudumu, mimi nitavisha viti upya! Mjomba akirudi ataketi juu ya kazi ya mpwa wake, na mtu hawezi kuketi juu ya kazi ya mpwa wake halafu gari akampa Suti. Akili ni nywele, kila mtu ana zake. Mimi nina upara, lakini leo zimeota.

Jumanne, 4 Machi

Nimekwenda kumpa mjomba pole, yaani kukagua viti. Nimemkuta ndani ya gari, bandani, kama kila alasiri. Hawashi, haendi popote. Kakaa tu nyuma ya usukani, mkono mmoja kautandaza kwenye kiti cha pembeni. Nikaamkia. Akaitikia marahaba kama mtu aliyeamshwa. Nikauliza anafanya nini humo na baridi hii. Akasema wanapumzika. Wanapumzika! Uzee huo.

Viti ni aibu tupu. Ngozi imepasuka kama visigino. Cha dereva kina nafuu. Cha abiria ndicho msiba. Hicho kilikuwa cha marehemu mkewe, mkaza mjomba wangu, Mungu amrehemu, mama wa haja, mwili tele, ambaye kila safari aliegemea mlangoni. Kimebonyea shimo upande huo, springi zimelala. Baba, ndiye aliyenifunza kazi, alikuwa na sheria moja tu: kiti kikionyesha nani alikikalia, fundi kalala. Hakuna kiti kilichotoka kwenye karakana yetu kikakumbuka makalio ya mtu. Nikatoa futi, nikalipima shimo lile.

Jumatano, 5 Machi

Suti kampeleka mjomba hospitali kwa gari lake lenye kiyoyozi. Kambebea na mto. Mto wa dukani.

Mimi nikaomba ufunguo wa banda. Nikasema paa linavuja, nitakinga ndoo. Mjomba akanipa, akasema nisiguse kitu. Nikaapa. Kugusa ni kitu kimoja, kutengeneza ni kingine.

Shida ni ngozi. Sponji ninayo, ile ngumu ya daraja la kwanza. Uzi upo. Sindano zipo. Ngozi sina. Nimezunguka karakana kama kuku aliyepotelewa na kifaranga, mpaka macho yakatua kwenye kochi la mama mkwe.

Kochi hilo lipo hapa tangu mwaka juzi. Aliniletea nibadilishe miguu. Ngozi halisi, rangi ya damu ya mzee, laini kama sikio la mtoto. Mama mkwe ni mtu wa kuheshimiwa, akipita mlangoni mimi natoka kwa dirisha. Lakini kochi si mkwe. Nitalivisha kitambaa cha maua, naye atashukuru kwa mabadiliko. Mke wangu akauliza kwa nini nacheka peke yangu. Nikamwambia ni tumbo.

Alhamisi, 6 Machi

Siku ya kazi! Nimevua viti vyote viwili mpaka mifupa. Sijafurahi hivi tangu harusi yangu, na harusi yangu ilinyeshewa. Ndani ya kile cha abiria nimekuta usumba wa zamani, nyuzi za makumbi ya nazi, umeshindiliwa mpaka umekuwa kama tofali, na shimo lile bado lipo ndani yake, kama kalibu ya keki. Nimempa jirani akatandikie kuku wake wanaotaga. Akanishukuru sana. Mtu mwema, mimi.

Katikati ya springi kulikuwa na vijitu: kifungo cha blauzi, karatasi ya peremende, pini ya nywele. Kifungo na karatasi nimetupa. Pini nimeikunja kuzibulia chupa ya gundi. Imefaa sana.

Mke wangu akaniletea chakula bandani. Akavitazama viti. Kisha akauliza kama mwenye gari anajua. Nikasema zawadi haiombewi ruhusa. Akasema hata wizi hauombewi. Mwanamke huyu ananikatisha tamaa tangu ujana.

Ijumaa, 7 Machi

Nimeponea chupuchupu. Nashona mshono wa mwisho, mara mlango unagongwa. Suti! Nilikuwa nimetia komeo kwa ndani. Nikajilaza juu ya viti vyote viwili, breki ya mkono ikanichoma ubavu, nikabana pumzi.

Hakuondoka. Akajikunyata pale nje na mwavuli wake, akampigia dada simu. Nilisikia yote. Alimwambia banda limefungwa na yeye na mswaki wake wamekwama mvuani. Akasema gari lenyewe halitaki, magoti yake hayaingii, ila mzee anapenda kusikia mtu akisugua magurudumu, maana ndivyo alivyokuwa akifanya marehemu mkewe, kila Ijumaa, kwa mswaki vilevile, na huko hospitali kaomba Ijumaa hii isipite.

Mjanja huyu! Anaigiza hata akiwa peke yake. Nimekaa humo mpaka mguu ukafa ganzi. Ubavu bado unauma. Lakini viti, jamani, viti! Damu ya mzee, tambarare, vimekaza kama ngoma. Ukikaa, ukiinuka, havijui kama ulikuwepo.

Jumapili, 9 Machi

Sijui nianzie wapi.

Mjomba karudi mchana, jicho moja bandeji, jingine linaona vivuli tu. Tulikuwepo sote: mimi na mke wangu, dada na Suti. Kabla ya mazungumzo akasema anataka kwanza kukaa bandani kidogo. Nikatangulia kufungua. Nikasema karibu mjomba, leo kuna zawadi yako.

Akaingia, akaketi nyuma ya usukani. Akasema pananuka kama dukani. Nikacheka kwa raha. Halafu mkono wake ukaenda pembeni, kama kawaida yake. Ukagota kwenye sponji. Ukapapasa mbele. Ukapapasa nyuma. Ukaenda upande wa mlango, ukarudi, ukaenda tena. Mimi nikawa namweleza: daraja la kwanza mjomba, haibonyei hii, miaka nenda, miaka rudi. Nikamgongea kwa ngumi asikie.

Akauliza, taratibu, yuko wapi. Nikauliza nani. Dada akaanza kulia, ndipo nikaelewa, nadhani nusu. Mjomba akauliza ule usumba wa zamani uko wapi. Nikasema uko kwa kuku. Akauliza kama nilipofungua kiti hakikudondoka kitu chochote, hata kidogo. Nikasema hakuna. Pini ilikuwa kwenye chupa ya gundi, chupa ilikuwa mfukoni mwangu.

Angegomba ningejua la kusema. Kwa kugombezwa nina majibu mengi. Hakugomba. Alitoa ufunguo wa gari shingoni, akaushika kidogo, akanipa mimi. Akasema: "Tulikuwa wawili humu. Sasa ni gari tu. Chukua."

Kwa hiyo nimeshinda.

Suti alivua tai, akakaa juu ya ndoo yangu ya kukingia mvua. Sijawahi kumwona bila tai. Ana shingo nyembamba. Hakuna aliyenipa hongera. Tulirudi nyumbani kwa miguu, mke wangu mbele, mimi nyuma, na nilijisikia vibaya sana, vibaya kweli, mpaka chakula hakikupita. Kilipita baadaye.

Jumatatu, 10 Machi

Gari liko mbele ya karakana. Tumelisukuma mimi na mke wangu, betri imekufa. Siku nzima hakuna aliyeuliza nani kashona viti. Mmoja kauliza kama tunauza vyuma chakavu.

Nimekwenda kwa jirani kudai usumba. Wanasema kuku wa maskini hatagi. Wa jirani anataga, tena juu ya mali yangu! Jike limeatamia katikati kabisa ya lile shimo. Linamtosha kama alipimiwa. Nikanyoosha mkono, likanidonoa mpaka damu. Jirani akasema nisubiri vifaranga vitoke, usumba ule una baraka. Nikachungulia vizuri. Umechambuliwa, umechanganyika na kinyesi na manyoya. Pale hapana tena umbo la mkaza mjomba wangu. Kuna umbo la kuku.

Jumanne, 11 Machi

Sikati tamaa. Kilichobonyea kinaweza kubonyezwa tena! Anatakiwa tu mtu wa umbo lile, aegemee mlangoni vya kutosha. Mke wangu mwembamba. Nikiwa nafikiria nani, akatokea mama mkwe, kaja kuulizia kochi.

Nilimkuta amesimama kando ya gari, anaitazama ngozi. Aliipapasa. Akaona alama ya pasi aliyoiunguza mwenyewe zamani. Akauliza hiki ni nini. Nikaanza habari za kitambaa cha maua. Akafungua mlango, akaketi kwenye kiti cha abiria, akafunga mlango, akasema hilo ni kochi lake na hatoki mpaka lirudi kuwa kochi.

Niseme ukweli, nilifurahi. Mwili uleule! Nikamwomba kwa heshima zote mama yangu aegemee kidogo mlangoni. Alinitazama kwa namna ambayo sitaiandika. Aliketi hapo mpaka jioni, mvua inapiga paa la turubai la gari, mke wangu anampelekea chai dirishani na kunipita kama nguzo. Kushuka ikawa kazi, gari liko chini mno, tukamvuta mikono, mimi na muuza mkaa. Kiatu kimoja kilibaki.

Nikakimbilia kiti. Sponji ikapumua, ikapanda taratibu, ikawa tambarare. Haikumkumbuka hata kidogo. Mimi na umahiri wangu! Mama mkwe amechukua ngozi yake leo hii, mke wangu ndiye aliyeshika mkasi. Gari sasa lina sponji tupu, na paa la karakana bado linavuja.

Alhamisi, 13 Machi

Nimekwenda kumjulia hali mjomba. Bandani hayupo. Bila shaka, bandani hakuna kitu. Nimemkuta chumbani, kakaa ukingoni mwa kitanda, mikono magotini. Alasiri nzima yuko hapo. Hakuniuliza habari za gari. Aliniuliza kama mvua imekatika. Nikasema bado.

Iliniuma, sifichi. Ni mimi niliyemkosesha pa kukaa. Nikaapa moyoni kwamba safari hii nitafikiria yeye kwanza, si karakana, si Suti. Nimfanyie jambo la kumtuliza, basi.

Nikamsaidia kuinuka anywe dawa, na hapo ndipo nilipoliona godoro. La sufi, la zamani kuliko mimi. Upande anaolala una nafuu. Lakini ule wa ukutani, ambao siku hizi halali mtu! Shimo refu, kuanzia begani hadi nyonga, limekaa kama mtu kaondoka sasa hivi. Na huko ndiko anakogeukia akilala, mto wake umeelekea huko. Maskini mzee, anatazama shimo kila siku. Atapataje usingizi?

Sponji imebaki ya kutosha. Jumamosi Suti anampeleka kliniki kufunguliwa bandeji. Nimemwomba mjomba ufunguo wa nyumba, nikasema nitamfagilia. Akanipa. Akasema nisiguse kitu. Nimeapa.