Bustani ya Utulivu wa Lazima

Ilitangazwa kwa kipaza sauti, na wagonjwa waliolala wakaamshwa wasikie: hospitali imepata Bustani ya Afya, Utulivu na Viumbe Hai, ya kwanza ya aina yake tangu ile ya Edeni, ambayo, alisema Mkurugenzi, iliharibika kwa kukosa kamati.

Mtunza bustani, ambaye wodi nzima humwita Shangazi, alikabidhiwa waraka wa kurasa arobaini. Akausoma kwa kidole. Nyasi zing'olewe, ziwekwe za plastiki, maana za kawaida hukua bila kibali. Dawa ya wadudu ipulizwe kila Jumatatu, ili viumbe watakaokuja wakute pasafi.

"Bosi, si vipepeo watakufa?"

"Hao ni vipepeo wa zamani, Shangazi. Tunataka wapya."

Mgonjwa aliruhusiwa kutulia dakika kumi na moja, akiwa amesimama, kwani mabenchi yalikuwa hayajatolewa nailoni. Akikaa, mlinzi anapiga filimbi.

Ikabaki kona moja nyuma ya tangi la maji. Bomba linavuja, maboga yametambaa yanavyotaka, nyuki wanaingia na kutoka bila kusaini. Shangazi aliilea miaka kumi na tisa. Wagonjwa walijificha huko wakapumue.

Mkurugenzi akaiona. "Hilo pori lifyekwe kabla daktari mkaguzi hajaja Alhamisi. La sivyo, wewe na jembe lako mtafute pa kwenda."

Shangazi akanoa panga. Akalinoa Jumatatu, akalinoa Jumanne. Jumatano likawa kali mno, akaogopa litamkata mtu, akalipumzisha.

Alhamisi mkaguzi akafika, mama mfupi mwenye kipimo cha presha. Akawapima watu wakiingia kwenye bustani mpya na wakitoka. Wote walitoka presha imepanda. Akahesabu viumbe hai: inzi mmoja, naye alikuja na msafara.

Mara kikasikika kicheko nyuma ya tangi. Mkaguzi akakifuata. Akakuta nusu ya wodi imejaa kwenye maboga.

"Karibu daktari," akasema mzee mmoja. "Kalia ndoo. Ukiipindua tu, kiti hicho."

Akawapima. Presha zimeshuka kama zimeitwa nyumbani. Shangazi alisimama pembeni, roho mkononi.

Mkurugenzi akaja mbio. "Kona hii haipo! Nimesaini mwenyewe kwamba imefyekwa!"

Mkaguzi akamfunga kipimo mkononi. Kikalia pii, kikalia tena, kikanyamaza kwa woga.

"Mia mbili na kumi. Kaa chini, baba." Akaandika cheti. "Muda wa saa mbili kila siku, mikono kwenye udongo, hapahapa. Shangazi ndiye msimamizi wako mpaka nitakaporudi kukupima. Na kona isiguswe. Ni dawa."

"Na ofisi yangu?"

"Ofisi ndiyo ugonjwa."

Shangazi akashusha pumzi, akamwonyesha magugu ya kuanzia. "Vua viatu, mwanangu. Taratibu hapo, chura amelala."

Mkurugenzi akavua. Soksi moja ilikuwa na tundu, na nyuki wa kwanza kufika akaingia kulikagua.